Bahari Si Bwawa la Hombolo: Tunayoamini Dodoma Kuhusu Safari ya Kisiwani

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, bahari imekuwa jirani yetu. Zamani kwenda Dar ilikuwa kumaliza siku kwenye basi. Sasa mtu anakunywa chai hapa na mchana anakula samaki Kunduchi. Ndiyo maana kila sikukuu ikikaribia, ofisini kwetu linazuka kundi la WhatsApp la kuchangishana: twende kisiwani, tupande boti, tuvae miwani na mrija wa snokeli tukaangalie samaki. Nimekuwa mweka hazina wa makundi hayo mara tatu, na maswali huwa yaleyale. Si kwamba watu wa Dodoma hatujui maji. Tunayajua, ila ni ya bwawani na korongoni, na ujuzi huohuo ndio tunaoubeba kwenda nao pwani.

“Ukifika ufukweni, maji yatakuwepo”

Hili lilitukuta safari ya kwanza. Tulichagua Jumamosi ya mwezi mpevu, kwa sababu mwenzetu mmoja alisema mbalamwezi inapendeza kwenye picha za jioni. Saa nne asubuhi tukawa Kunduchi na mabegi yetu. Boti zilikuwa zimelala ubavu mchangani, na mahali ambapo tulidhani ni bahari kulikuwa na majani yaliyolegea, vidimbwi, na kina mama wameinama wanaokota chaza.

“Shikamoo mzee. Twende sasa?” nikamwuliza nahodha.

“Marahaba mwanangu. Mtaenda na nini? Bahari imetoka. Hii bamvua, kuleni mihogo kwanza.”

Bwawa letu la Hombolo hapa Dodoma hupungua kwa miezi, bahari hupungua kwa saa. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku ratiba hiyo inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Dar tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo yakipwa ni saa nne asubuhi, saa ileile ambayo mtu wa treni anafika na hamu yake yote. Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Maji ni mafu, hayapandi wala kushuka sana, na saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Kwa safari ya siku moja, hiyo ndiyo wiki ya kuitafuta. Juu ya mwamba wenye kina kidogo, maji yaliyojaa yanakuweka mbali na kukwaruzika, na mara nyingi huwa maangavu zaidi.

“Mvua zimeisha, twende”

Zimeisha wapi? Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Pwani wana miwili: vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Mwezi Mei sisi tunavuna na vumbi limeshaanza, wakati Dar bado watu wanavuka barabara na viatu mkononi. Masika mito humwaga tope baharini, na ndani ya maji hayo unaona kiganja chako tu. Tope lenyewe lingine ni letu, ukitaka kujua: Mto Kinyasungwe unaopita nchi yetu hii unaishia kwenye Wami, na Wami unaingia Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Maji ya Bwawa la Mtera nayo hushuka na Ruaha Mkuu hadi Rufiji, mkabala na Mafia. Anayesema bahari haimhusu mtu wa Dodoma aangalie ramani ya mito.

“Asiyejua kuogelea abaki kwenye kivuli”

Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu nyingine inawatisha watu bure. Kuangalia samaki kwa snokeli ni kuelea kifudifudi, si kuogelea kwa mashindano. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, hivyo yanakubeba kuliko ya Hombolo, na ukivaa jaketi okozi huna haja ya kupigana nayo. Tuliyemwogopea zaidi alikuwa dada mmoja wa masijala, mzaliwa wa Kongwa, ambaye hajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Alisimama maji yakimfika kiunoni, kucha zake zimezama mkononi mwangu. Mara ya kwanza alipotia uso majini aliibana pumzi, kwa sababu mwili haukubali kwamba pua imezama na mtu bado anapumua. Mara ya pili akaanza kutoa pumzi taratibu kwenye mrija, ile sauti ya kukoroma, na kucha zikalegea. Alikaa hivyo kama dakika tatu, kisha akainua kichwa na kusema, “Kumbe wakiwa hai wana rangi!” Samaki aliowazoea ni perege wa Mtera na dagaa wa Mwanza.

Anayenitia wasiwasi ni yule anayejua kuogelea. Amejifunza kwenye bwawa la hoteli, anavua jaketi kwa sababu linamharibia picha. Bwawani hakuna mkondo. Baharini unaangalia chini, samaki mmoja anakuvuta kwa mwingine, na ukiinua kichwa boti imekuwa ndogo. Halafu kuna imani kwamba anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hapigi: mdomo uko majini, pumzi yote inatafutwa, na mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa hiyo sisi huingia wawiliwawili, na mmoja hubaki kwenye boti kazi yake kuhesabu vichwa. Jaketi lifungwe mikanda yote, na mtoto apewe la saizi yake. Boti isiyo na majaketi ya kutosha watu wote, shukeni, hata kama mmeshalipa.

Kijana mmoja wa TEHAMA aliuliza kama tungeunganisha bomba refu afike chini kabisa. Haiwezekani. Mita moja tu chini, maji yanakikandamiza kifua kiasi kwamba kuvuta hewa ya juu ni shida, na kwenye bomba refu unabaki kuvuta hewa uliyoitoa mwenyewe. Mrija ni mfupi kwa sababu hiyo. Na miwani ikifanya ukungu, itemee mate ndani, sugua, suuza. Alikunja uso, lakini alifanya.

“Matumbawe ni mawe”

Tusilaumiwe sana hapa, maana majengo ya kale ya Kilwa na Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na sisi watoto wa Dodoma tumekulia juu ya majabali. Jiwe tukiliona tunalipanda. Lakini tumbawe la majini ni kundi la wanyama wadogo mno, wameishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao mna mwani unaowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi wanaufukuza ule mwani na kubaki weupe, kama ilivyotokea sehemu nyingi za pwani yetu mwaka 1998. Matumbawe mengi hukua sentimita moja tu au pungufu kwa mwaka, hivyo kisigino kimoja kinavunja kazi ya miaka. Ukichoka, lala chali uelee. Usisimame.

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, karibu na Dar, ni maeneo tengefu, yaani yanayohifadhiwa, tangu 1975. Kombe na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, vibaki vilipo. Kumtoa kiti cha pweza majini kwa ajili ya picha ni kumkatia pumzi, kwa kuwa anapumulia ngozi na miguu yake.

“Jua tumelizoea”

La Dodoma, ndiyo. La baharini linakuja na upepo unaokupoza, usijue unaungua, na wewe umelala kifudifudi saa nzima mgongo ukiwa juu. Ngozi nyeusi ina kinga yake lakini inaungua. Mhasibu wetu alirudi Dodoma kwenye SGR ameketi wima kama askari wa gwaride, mgongo haugusi kiti. Fulana ya mikono mirefu inashinda mafuta yoyote, na haiachi kemikali kwenye matumbawe. Mwenzetu mwenye ualbino yeye aongeze kofia pana na mafuta ya jua, yakiwemo Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, na saa za mchana akae kivulini.

Mengine ni ya haraka. Papa: hofu hiyo ni ya mamba wa Mtera tumeihamishia baharini; kule kwenye miamba ya karibu cha kuogopa ni wale wanyama wadogo weusi wa chini ya maji wenye miiba kama nungunungu, na boti za wengine. Ukichomwa mwiba, mkojo hausaidii. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uone mhudumu wa afya. Kulewa bahari: tumbo tupu halikukingi, linaongeza. Kula kidogo, kitu kikavu, kaa nyuma ya boti ukiangalia mbali, na kama unatumia dawa, imeze kabla ya kupanda.

Kundi limeshaanza tena. Wengi wanataka Pasaka, wengine Idi. Nimewaeleza kwamba Pasaka huja ndani ya wiki inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi bamvua haiko mbali, tena ni masika, na Idi el Fitri ni mwezi kuandama, yaani bamvua. Nimependekeza Februari, wiki moja baada ya mwezi mpevu. Watatu wameweka kidole gumba. Mmoja ameuliza kama Hombolo si karibu zaidi.