Je, wajua kwa nini kompaila hulalamikia %d moja tu?

Wanafunzi wa kompyuta hapa Kampala wakianza kujenga kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux kwenye laptopu zao, kinachowachosha mapema ni maonyo. Kodi imepita, mashine inawaka, lakini GCC, kompaila inayogeuza kodi kuwa programu, bado inanung'unika: %d, alama ya kuandikia namba, inataka int (namba ya biti 32), wewe umeipa namba ya biti 64. Sasa kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba printk, amri ambayo kerneli huandikia ujumbe wake, haijui imepewa nini. Hufuata alama tu: ikikuta %d huchukua baiti 4, ikikuta %llu huchukua 8. Tuseme diski ina baiti 5,000,000,000 (sifuri hizo hazimtishi anayejua bei za viwanja vya Kololo, mtaa wa kifahari wa Kampala). Ukiiandika kwa %d utasoma 705,032,704, maana nusu ya juu imekatwa. Kwenye kompyuta kuukuu za x86 za biti 32 ni balaa zaidi. Huko thamani hupangwa mfululizo kwenye kumbukumbu, hivyo nusu iliyoachwa husomwa na alama inayofuata, nayo huonyesha 1 badala ya namba yake halali. Alama hiyo ikiwa %s, nusu hiyo hudhaniwa kuwa anwani. Anwani ya uongo ndani ya kerneli yaweza kuangusha mashine nzima.

Wengi hukimbilia kubandika (int) mbele ya namba. Onyo linanyamaza, namba inabaki imekatwa. Kwangu mimi heri kuliacha onyo, maana atakayekuja baadaye angalau ataona dalili. Rekebisha alama yenyewe: %llu kwa u64 (namba ya biti 64 isiyo hasi), %zu kwa size_t (namba ya ukubwa, ambayo upana wake hutegemea mashine). Ukiandika size_t kwa %lu, laptopu yako ya biti 64 haitasema kitu. Jenga kodi hiyohiyo kwa kichakataji cha ARM cha biti 32 uone maonyo yanavyomiminika.

Kuna onyo jingine, la usalama: kuweka jina lililotoka nje mahali pa maandishi yenye alama hizi za %. Jina likiwa na % ndani yake, kerneli hulitii kama amri. Mwaka 2013 kasoro ya namna hiyo, CVE-2013-2851 (namba yake katika orodha ya kasoro za usalama), iligunduliwa kwenye kodi ya kusajili diski, katika matoleo hadi 3.9.4. Aliyekwisha kuwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine) angeweza kuunda diski yenye jina la hila. Marekebisho yalikuwa kuongeza "%s", kabla ya jina la diski.