Mtafiti Akija Dukani: Muulize Haya Kabla ya Kumfungulia Daftari

Kila msimu wa tafiti za wanafunzi wa biashara na uhasibu unapofika, ofisi yetu ya uratibu wa utafiti hapa Tanga hupokea malalamiko ya pande mbili. Wanafunzi wanasema wanafukuzwa Mgandini na Makorora kwa kudhaniwa ni watu wa TRA, mamlaka ya kodi. Wafanyabiashara wanasema vijana wanapiga picha madaftari yao kisha hawaonekani tena. Safari hii malalamiko yamezidi.

Hili la TRA tumeshalieleza vya kutosha. Afisa wa kodi hakuombi ridhaa wala hakuletei dodoso la kurasa sita. Anakuja na kitambulisho chake na mamlaka aliyopewa na sheria. Wapo pia wanaoamini kwamba ukijaza dodoso jina lako linaingia kwenye mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haliingii. Mikopo hiyo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na maombi yake yanapelekwa halmashauri, si kwa mwanafunzi. Kwa imani hizo mbili, mtu yule yule anapunguza mauzo akihofia kodi na kuyaongeza akinusia mkopo, nasi tunabaki na takwimu zisizofaa kitu. Ni afadhali ukatae. Kukataa hakuna adhabu.

Mbona hatuendi kwa kampuni na taasisi kubwa? Tunakwenda. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, ilipouza hatifungani ya kijani (dhamana ya kukopa fedha za miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, waraka wake wa matarajio, wenye hesabu zake kwa wawekezaji, uliwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Mwenye genge Ngamiani hana waraka kama huo. Sera ya taifa ya mwaka 2003 inamwita mwenye wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 mjasiriamali mdogo sana, na wengi wa hao hesabu zao zimo kwenye simu, kichwani na kwenye daftari la madeni.

Daftari hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, na kanuni yake ya msingi ni ridhaa ya maandishi. Mwenye duka akitia saini, ameridhia kwa mambo yake mwenyewe. Mama Fulani aliyekopa kilo mbili za unga na hajalipa tangu mwezi uliopita hajaridhia chochote, na jina lake liko pale pale, pengine pamoja na namba ya simu. Kwa hiyo picha ya ukurasa wa madeni hairuhusiwi, hata mwenye duka akisema "piga tu". Mtafiti aandike jumla ya madeni na muda wake, majina hayamhusu. Wanafunzi wetu wanafundishwa hili, na baadhi wanalisahau wakishafika sokoni.

Anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria, akiwa mtu mmoja, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5.

Sasa karatasi. Mtafiti awe na barua ya utambulisho ya chuo, kibali cha Katibu Tawala, na barua ya Mkurugenzi wa Jiji au wa halmashauri husika inayomfikisha kwa mtendaji wa kata. Asiye raia aongeze kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Soma tarehe, maana kibali kilichoisha si kibali. Kisha adai saini yako kwenye fomu ya ridhaa yenye nakala mbili, moja ibaki kwako. Akikuomba namba ya siri ya simu, huyo si mtafiti. Mwite mwenyekiti wa mtaa.

Ukishajaza kisha ukabadili mawazo, unaweza kuondoa ridhaa bila kutoa sababu na bila malipo. Fika ofisini kwetu na nakala yako. Usipokuwa nayo, tuambie siku aliyokuja na mahali ulipo, tutalitafuta dodoso lako na kulitoa kwenye uchambuzi. Ripoti ikishachapishwa kwa jumla ya takwimu, bila jina la mtu, hapo hatutaweza tena.