Mnyama Asiyekimbia Naye Husumbuka

Wengi wetu hupima usumbufu wa wanyamapori kwa jambo moja tu: mnyama amekimbia au hakukimbia. Kipimo hicho hakitoshi, kwani hasara kubwa mara nyingi imo katika muda wa kula na kupumzika unaopotea kila siku bila mtu kutambua.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, utalii wa pomboo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao walibaini kwamba wanapozungukwa na boti za watalii hupumzika kidogo, hutafuta chakula kidogo, na hutumia muda mwingi zaidi kuhama huku na huko. Mgeni aliyemo botini, akiwaona wanapita mbio na kuzamia kila mara, hudhani wanacheza. Jike mwenye mtoto ndiye mwenye shida zaidi, kwa kuwa mtoto hunyonya mama yake akiwa anaogelea, na unyonyeshaji huo unahitaji mwendo wa utulivu ambao haupatikani pale boti kadhaa zinaposhindana kuwakatia njia ili wageni waruke majini mbele yao. Nahodha anayewafuata kwa ubavuni, kwa mwendo mdogo, huwapunguzia usumbufu, na kwa maoni yangu humwonesha mgeni mambo mengi zaidi.

Jibu jingine la wanyama ni kubadilisha saa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu spishi 62 za mamalia katika mabara sita, ulionesha kwamba mnyama anayegawa shughuli zake sawasawa kati ya mchana na usiku, akiwa karibu na binadamu huzipeleka usiku hadi asilimia 68. La kushangaza ni kwamba hata matembezi ya kawaida, yasiyo na bunduki wala mbwa, yaliwasukuma wanyama kuelekea usiku.

Popo wa Pemba hana nafasi hiyo, maana usiku tayari ndio wakati wake wa kutafuta matunda. Mchana hulala akining'inia mitini, kama pale Kidike, na anayepiga makofi ili kundi liruke apate picha huwapotezea nguvu walizokuwa wakiziweka kwa ajili ya safari ya usiku.

Kima punju wa Jozani, ambao asili yao ni Unguja peke yake, wamewazoea watu, lakini mazoea hayo yana hatari zake. Mgeni mwenye mafua anayewasogelea anaweza kuwaambukiza, na tumbo lao, lililoumbwa kusaga majani kwa msaada wa bakteria, halikuumbwa kwa biskuti. Tena hawaogopi barabara inayopita msituni. Matuta yamepunguza vifo vyao, ila hayakuvimaliza, na dereva aliyemwona kima mmoja akivuka asiongeze mwendo akidhani kazi imekwisha, kwa sababu huishi kwa makundi na wenzake huenda bado wako nyuma.