Dolly hakufa kwa uzee

Mwanafunzi akiandika kuhusu maadili ya uhandisi jeni, hakosi kumtaja Dolly, kondoo wa kunakiliwa (aliyetengenezwa kwa seli ya kondoo mwingine ili afanane naye kijeni) aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996. Eti alizeeka upesi kwa sababu seli aliyotokana nayo ilikuwa ya kondoo wa miaka 6.

Sivyo. Mwaka 2003 alikutwa na uvimbe wa mapafu unaoletwa na virusi, ugonjwa unaowapata hata kondoo wa kawaida, akauawa kwa dawa asiteseke. Uvumi ulishika kwa sababu mwaka 1999 ncha za kromosomu zake (nyuzi za urithi ndani ya seli), ambazo hufupika kadiri umri unavyosonga, zilipimwa zikaonekana fupi, na watu (magazeti hasa) wakarukia uzee. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walieleza hali ya kondoo 13 wa kunakiliwa, wanne wakiwa wametokana na seli zilezile za Dolly. Walikuwa na miaka 7 hadi 9, kwa jumla wazima; matatizo ya maungio ya mifupa yalikuwepo, mengi madogo.

Hoja nzito ya kimaadili iko kwingine: mayai 277 yalitiwa viini vipya, viinitete (mimba changa) 29 vikapandikizwa, akazaliwa Dolly peke yake.