VIX: namba inayosomwa vibaya kila soko likitikisika

Hisa za Marekani zikitikisika, VIX hutajwa haraka kama "kipimo cha hofu". Jina hilo limeenea kuliko maana yake, na wapo wanaonunua au kuuza kwa kuitegemea bila kujua inapima nini.

Dhana: VIX ikipanda, hisa zitashuka

VIX haioneshi mwelekeo. Cboe, soko la opsheni la Chicago, lilianza kuitangaza mwaka 1993, na tangu 2003 huikokotoa kutokana na bei za opsheni za fahirisi ya hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, S&P 500. Opsheni ni mkataba unaompa mwenye nao haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyokubaliwa, bila kulazimika. Huchukuliwa zile zilizobakiza zaidi ya siku 23 na pungufu ya siku 37, za kununua na za kuuza pia, kisha hesabu husawazishwa ipate siku 30.

Kinachopatikana ni ukubwa wa kuyumba kunakotarajiwa, kwenda juu au chini. VIX hupanda hisa zinapoanguka kwa sababu wenye hisa hugombania opsheni za kuuza ili kujikinga, na bei ya kinga hupaa. Mara nyingi basi hupanda pamoja na anguko, si kabla yake.

Dhana: VIX ya 20 ina maana soko litayumba kwa asilimia 20 mwezi huu

Hili ndilo kosa lenye gharama kubwa zaidi. Ingawa VIX inatazama siku 30, namba yake huandikwa kwa kiwango cha mwaka. Ili kupata mwezi, igawe kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 3.46: 20 inakuwa asilimia 5.8 hivi. Kwa siku moja, igawe kwa kipeuo cha pili cha 252, idadi ya siku za soko kwa mwaka, ambacho ni karibu 16. Hapo 20 inakuwa asilimia 1.25.

Kwa nini kipeuo? Kupanda kwa siku moja na kushuka kwa nyingine hufutana kwa sehemu, hivyo kuyumba hakukui kwa kasi ile ile ya muda. Anayegawanya 20 kwa 12 hupata 1.7, na amepunguza hatari zaidi ya mara tatu.

Asilimia hiyo wala si ukuta. Kwa kawaida ya hesabu, matokeo hubaki ndani yake karibu mara mbili katika kila tatu. Mara ya tatu huvuka. Tarehe 13 Machi 2020 VIX ilifunga 57.83, sawa na asilimia 3.6 kwa siku. Siku ya soko iliyofuata, S&P 500 ilianguka kwa karibu asilimia 12.

Dhana: VIX ikifika kilele, bei za hisa zimegusa chini

Tarehe 20 Novemba 2008 VIX ilifunga 80.86. Aliyenunua hisa siku hiyo akiamini mabaya yamekwisha alishuhudia S&P 500 ikishuka kwa asilimia 10 zaidi kufikia 9 Machi 2009, huku VIX yenyewe ikiwa chini ya 50.

Dhana: VIX ikiwa chini, soko ni salama

Namba ndogo inasema bei ya kinga ni nafuu leo, basi. Tarehe 5 Februari 2018 VIX iliruka kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja, na XIV, bidhaa iliyokuwa ikifaidika na utulivu, ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Tena VIX ni ya S&P 500 tu; haisemi lolote kuhusu sarafu wala hisa za nchi nyingine.

Dhana: naweza kununua VIX na kuiweka kama bima

VIX ni hesabu, haiuzwi. Mifuko inayobeba jina lake hushika mikataba ya bei ya baadaye, ambayo bei yake hufuata kiwango cha VIX kinachotarajiwa tarehe fulani mbele. Tuseme VIX ni 15, mkataba wa mwezi ujao 16 na unaofuata 17. Muda ukikaribia kwisha, mfuko huuza wa kwanza, ambao sasa umeteremka kuelekea 15, na kununua ulio ghali zaidi, ambao nao utateremka vivyo hivyo. VIX ikikaa pale pale mwaka mzima, mwenye mfuko huo hupata hasara karibu kila mwezi. Wanaoutumia vizuri huushika kwa siku chache.