"Si kushinda bali kushiriki": usemi huu ulitoka wapi?

Wengi huamini kwamba Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki za kisasa, ndiye aliyetunga usemi kwamba jambo la maana michezoni si kushinda bali kushiriki. Mwenyewe hakudai hivyo. Alipohutubia London mwezi Julai 1908, alimtaja Ethelbert Talbot, askofu kutoka Pennsylvania, aliyekuwa amelihubiri wazo hilo siku chache kabla katika kanisa kuu la St Paul's.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko mahubiri hayo. Mwaka 1894, akiwa Athens, Coubertin alikwisha kusema kwamba fedheha si kushindwa, fedheha ni kutopambana. Na aliyesoma Kilatini shuleni, kama alivyosoma yeye, atausikia humo mwangwi wa Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika zaidi ya miaka 1,800 kabla yake kwamba aibu ya kushindwa haikufikia heshima ya kuwa amepambana.

Ni kosa, hata hivyo, kuuchukua mstari huo kuwa wosia wa wanamichezo wa kale. Anayeutamka ni Achelous, mungu wa mto, akimsimulia shujaa Theseus jinsi alivyopigana mieleka na Hercules, shujaa mwenye nguvu wa hekaya za kale, walipomgombea binti aitwaye Deianira. Wanamwagiana vumbi kwa viganja hadi miili inashika rangi ya mchanga. Achelous anabwagwa, anajigeuza nyoka, kisha fahali, na Hercules anamng'oa pembe moja. Anayasimulia haya akiugulia pengo lililobaki kwenye paji lake, na anaongeza kwamba ukuu wa aliyemshinda unampa faraja. Ni maneno ya kujiliwaza, na kwangu mimi yanagusa zaidi kwa sababu hiyo.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba Wagiriki walicheza kwa ridhaa tu, bila kujali malipo. Kwa kuishikilia, wakubwa wa Olimpiki walimnyang'anya Mmarekani Jim Thorpe medali zake za 1912, kwa kuwa aliwahi kulipwa kucheza besiboli. Ilhali Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaeleza kwamba sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athens, ilimpa Mwathene aliyeshinda Olympia, kwenye Olimpiki za kale, drakma 500 (fedha za Kigiriki). Olympia yenyewe, katika kila shindano, ilimvika mshindi mmoja tu shada la mzeituni. Wa pili hakupata kitu. Na walioshindwa mieleka kwenye michezo ya kule Delphi, mji mwingine wa Ugiriki, mshairi wa Kigiriki Pindar anawaonyesha wakirudi kwa mama zao bila kicheko cha kuwalaki, wakipita vichochoroni ili wasikutane na mahasimu wao.