Buibui Hamkojolei Mtu

Juma lililopita nilipigiwa simu kabla jua halijachomoza. Mama mmoja wa Ggaba, hapa Kampala, ambaye nimekwisha kumpulizia dawa ya mende mara mbili, aliniambia, "Fundi, buibui amemkojolea mtoto shingoni. Njoo upulize nyumba nzima leo hii." Nilipofika nilimkuta mtoto ana mstari mwekundu wenye malengelenge madogo, kuanzia chini ya sikio hadi karibu na bega, na juu ya kitanda chake, katika kona ya dari, alikuwapo buibui mmoja mwenye miguu mirefu mithili ya nywele, akiutikisa utando wake kwa hofu ya tochi yangu. Mshtakiwa alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Shtaka hilo nimelisikia kwa Kiswahili na kwa Kiganda, kutoka kwa vijana wa bodaboda na kutoka kwa watu wenye shahada mbili, na sasa uvumilivu umenishinda.

Buibui hana mkojo wa kummwagia mtu. Taka za mwili wake hutoka zikiwa uji mzito ambao sehemu yake kubwa ni guanini, kitu cheupe kisichoyeyuka kirahisi katika maji, na ndivyo vile vidoa vyeupe na vyeusi unavyoviona ukutani chini ya utando. Mimi huvifuta kwa mikono mitupu karibu kila siku ya kazi. Kama vingekuwa vinachoma, ningekuwa nimebaki na mifupa.

Anayechoma ni mdudu mwingine kabisa, yule ambaye Afrika Mashariki nzima humwita Nairobi flai, ingawa si nzi na wala hana asili ya Nairobi peke yake. Ni mbawakawa mwembamba wa jenasi ya Paederus, mwenye urefu usiofikia sentimita moja, mwenye kichwa cheusi, kifua na tumbo la rangi ya machungwa, na mabawa mafupi yanayong'aa kwa buluu au kijani. Hang'ati wala hachomi kwa mwiba. Majimaji ya mwili wake yana sumu iitwayo pederini, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mbawakawa wa kike, na sumu hiyo hukupata pale unapompondaponda juu ya ngozi yako mwenyewe. Hapa ndipo kosa la kumsingizia buibui linapozaliwa: malengelenge hayatokei papo hapo, bali baada ya saa 24 hivi, na mara nyingine hadi siku mbili. Usiku unahisi kitu kikitambaa shingoni, unakipangusa huku umelala, unasahau. Ukija kuona kidonda, mbawakawa amekwisha kufagiwa, na kiumbe pekee kilichobaki chumbani ni buibui aliyetulia katika kona yake.

Umbo la kidonda nalo hueleza mengi kwa anayetaka kusikiliza. Mstari ni njia ya kiganja kilichompangusa mdudu. Mabaka mawili yanayotazamana katika kikunjo cha kiwiko yametokana na sumu iliyoguswa na ngozi ya pande zote mbili mkono ulipokunjwa. Jicho lililovimba ni la mtu aliyejipangusa shingo, kisha akajifikicha. Dawa ya kwanza ni sabuni na maji mengi, pamoja na kuosha shuka, na mdudu akionekana apeperushwe kwa pumzi au kwa kipande cha karatasi, asipondwe. Lakini mstari wa malengelenge wenye maumivu makali, unaozunguka upande mmoja tu wa kiuno au kifua, huenda ukawa mkanda wa jeshi, na huo ni ugonjwa wa virusi unaotakiwa kuonwa na mganga wa kituo cha afya siku hiyo hiyo, si mpuliza dawa. Nimewahi kuitwa kupuliza chumba cha mtu aliyekuwa na mkanda wa jeshi, na ninakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo nilipuliza na nikapokea malipo.

Kwa haki, hata pale Ggaba sikumwona Nairobi flai juu ya shingo ya mtoto. Niliwakuta wawili wamekufa chini ya balbu nyeupe ya veranda, mvua zilikuwa zimenyesha, na dirisha halikuwa na wavu. Huo ni ushahidi wa mazingira, nami sijifanyi kuwa nina zaidi ya huo.

Sasa turudi kwa buibui wenyewe. Yule wa miguu mirefu anayejitikisa hana madhara. Yule bapa kama karatasi, anayeteleza ukutani kwa kasi nyuma ya picha, hana madhara pia. Yule mkubwa wa kahawia, ambaye miguu yake iliyotandazwa hujaza kiganja, na ambaye jike lake hubeba mfuko bapa wa mayai chini ya mwili, ni mla mende. Anaweza kung'ata akibanwa, na ndiye ninayemwacha nyumbani kwangu. Wapo pia wadogo warukao, na miongoni mwao yumo Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003, ambaye anajulikana kando ya Ziwa Viktoria tu, kwetu Uganda na kwa jirani zetu Kenya. Huyo huchagua kuwala mbu wa kike walioshiba damu, hasa Anofelesi, mbu waenezao malaria, na majaribio yameonyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Katika nchi inayozika watoto kwa malaria, tunamtafutia sumu.

Wa kuheshimiwa zaidi ni buibui wa jenasi ya Latrodectus, mwenye tumbo la mviringo kama punje ya njegere na alama ya rangi ya machungwa au nyekundu chini yake. Mtafute chini ya viti vya plastiki, ukingoni mwa vyungu vya maua na nyuma ya lango la chuma, na ukiona vijifuko vya mayai vyenye miibamiiba kama tunda la mbarika, vaa glavu. Uking'atwa, nenda hospitali. Wachanga, hata hivyo, hunichanganya. Nimewahi kumtaja kwa sauti ya uhakika mbele ya familia nzima, kisha nikamgeuza kwa kijiti nikakuta tumbo halina alama yoyote.

Kuhusu dawa, nitasema jambo litakalonipunguzia kazi. Dawa zetu za pairethroidi, yaani sumu za wadudu tunazopuliza, huua zaidi kile kinachoburuza tumbo au kujisafisha miguu kwa mdomo, kama mende. Buibui hutembea kwa ncha za miguu, tena wengi huishi juu ya nyuzi zao wasiguse ukuta uliopulizwa. Wengine husumbuliwa tu na dawa, wakatoka mafichoni, na mteja akanipigia akisema nimemwongezea buibui. Ninapofanikiwa huwa nimefagia tando na mifuko ya mayai, nimepuliza, na nimebadilisha balbu ya nje, yote hayo siku moja, na siwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, ingawa moyo wangu unaegemea fagio na balbu. Kule Entebbe, nzi wa ziwani wanapofurika kwenye taa nyeupe, hakuna sumu itakayomzuia buibui kufuata karamu hiyo. Mzee mmoja wa Kibuli alinikataza kuua hata mmoja, kwa heshima ya kisa cha utando wa buibui uliomficha Mtume Muhammad mlangoni mwa pango, nami nilifagia tu. Nyumba yake haikuniita tena kwa muda mrefu kuliko nyingi nilizopuliza.

Pale Ggaba niliweka balbu ya manjano, nikaziba matundu ya hewa kwa wavu wa mbu, nikamwacha buibui wa kona. Nilitoza nusu ya bei. Yule mama alilipa, lakini aliniuliza mara mbili kwa nini nyumba hainuki dawa.